Muda wa wino kukauka: Ni Pollok na nyumba ya Sanur

Nianze na karatasi kwanza, picha zitakuja baadae.

Tarehe 28 Agosti 1957, kisiwani Bali, mzee mmoja wa Kibelgiji mwenye miaka 77 alisaini hati ya kumpa mke wake kila alichokuwa nacho, kiwanja cha ufukweni, nyumba, samani, picha alizochora, bustani na masanamu yake ya mawe, vyote. Na hapohapo, siku ileile, mke nae akasaini kuikabidhi mali yote hiyo kwa serikali ya Indonesia iwe makumbusho. Yaani baina ya sahihi mbili, kwa muda ule wa wino kukauka, mwanamke ambae mgongo wake na mikono yake na shingo yake vimejaa kwenye kuta zote za nyumba ile alikuwa ndie mwenye nyumba.

Mzee anaitwa Adrien-Jean Le Mayeur. Mke ni Ni Nyoman Pollok (hilo "Ni" kwa Wabali ni la kutangulia jina la mwanamke). Nyumba ipo mpaka leo, ufukweni Sanur, na inaitwa Makumbusho ya Le Mayeur.

Mimi nafanya kazi hotelini, pwani ya mashariki ya Unguja, na mwaka mmoja nilipelekwa Bali wiki mbili kwa mafunzo ya kazi. Asubuhi ya kwanza nimeamka na saa zimenivuruga kichwani, nikatoka kutembea ufukweni kabla jua halijapanda, na kitu cha kwanza nilichokiona ni ngalawa. Nikasimama. Kila kitu kama ya kwetu, mtumbwi mwembamba katikati na yale mabawa mawili ya pembeni ya kuzuia usipinduke, tofauti ni kwamba zao zimepakwa rangi kali na mdomo wa mbele umechongwa kama samaki mwenye sura ya tembo, na macho amewekewa. Wao wanaita jukung. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba ngalawa zetu zina asili huko, kwamba watu wa visiwa vile walivuka bahari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ndio maana lugha ya Madagascar mpaka leo ni ndugu wa lugha za Borneo, lakini kusikia ni kusikia tu, na kusimama mbele yake alfajiri ukaanza kumtafuta mjomba wako kati ya wavuvi ni jambo jengine kabisa. Kwahiyo nilipoingia kwenye ile nyumba siku tatu baadae, tayari nilikuwa naangalia kama mtu wa pwani anaeangalia pwani. Nalisema hili mapema ili mjue nilisimama upande gani.

Nyumba yenyewe ipo hatua chache tu kutoka kwenye mchanga, na nyuma yake limesimama hoteli kubwa la ghorofa kumi lililofunguliwa 1966. Ukiingia unakutana na bustani, vibwawa vya yungiyungi, masanamu yenye kuvu, halafu milango na madirisha ya mbao yamechongwa hadithi za Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi, kuanzia juu mpaka chini. Mtu wa Unguja huwezi kupita mlango wa kuchonga bila kuugusa, nikaugusa. Ndani kuna kiza kidogo. Na kwenye kiza hicho zimetundikwa picha zaidi ya themanini, na karibu kila unapogeuka kuna yeye.

Yeye yupo kwenye kitanda cha kupumzikia. Yupo kwenye kitanda cha mfumi anafuma. Yupo kando ya kibwawa, mkono umeshika ua. Yupo anacheza. Halafu nikaanza kuhisi kwamba kwenye picha ile yenye wanawake watatu, wote watatu ni yeye, mmoja kakaa, mmoja kainama, mmoja kanyanyua mikono anapanga nywele.

Sasa nani huyu bwana. Amezaliwa 1880 Ixelles, Brussels, baba yake nae alikuwa mchoraji wa picha za bahari. Vita vya kwanza vya dunia alivichora na kuvipiga picha. Baada ya hapo akawa msafiri, Italia, Afrika ya Kaskazini, India, mpaka Tahiti, watu wengi wa Ulaya wakati ule walikuwa wakizunguka dunia kutafuta mahali ambapo wao waliamini bado hapajachafuliwa. Mwaka 1932 akashuka Bali, umri wake miaka 52. Akapanga nyumba Kelandis, Denpasar, na Kelandis ndio mtaa wa wacheza legong.

Legong si ngoma ya kila mtu. Inachezwa na wasichana wadogo, wanafundishwa wakiwa watoto wa miaka mitano sita, mwalimu anawashika viungo kwa mikono yake mpaka mwili ujue wenyewe, vidole vinapinda kinyume, macho yanarushwa kushoto kulia kwa kufuata mlio wa upatu, kichwani taji la dhahabu limechomekwa maua mabichi ambayo yanatetemeka kila shingo inapokwenda. Na msichana akishavunja ungo kwa desturi ya zamani ndio anaanza kuiacha. Kwahiyo mwaka 1932 Pollok, aliezaliwa 1917, alikuwa na miaka 15 na alikuwa ameshafika ule mwisho wa kazi ambayo aliianza utotoni. Hapo ndipo mchoraji alipomuona na kumtaka awe modo wake, yeye na wenzake wawili.

Mwaka uliofuata, 1933, picha zikaenda Singapore kwenye maonesho, zikanunuliwa vizuri sana, na kwa pesa hizo akanunua kiwanja cha Sanur na kujenga. 1935 wakaoana. Yeye 55, mke 18.

Siwezi kupita hapo mbio. Nimesoma maandishi mengi kuhusu wawili hawa na karibu yote yanaita hii hadithi ya mapenzi, na mimi sikatai kwamba waliishi pamoja zaidi ya miaka ishirini na kwamba mke alimpeleka mumewe mpaka Ubelgiji kwenda kutibiwa na akamzika huko. Lakini ile 1932 ilikuwa ni koloni la Kiholanzi, mwanaume ni mzungu mtu mzima mwenye fedha, na binti ana miaka 15. Mimi nina mpwa wangu wa miaka 15. Nikiangalia picha za mwanzo mwanzo, zile za miaka ya kwanza, namuona mpwa wangu, na siwezi kuacha kumuona.

Na ule ufukwe wenyewe. Watalii wanaokunywa madafu pale wengi hawajui, nami sikujua mpaka mwenyeji wangu mmoja aliponionesha kwa kidole. Mwaka 1904 meli moja ya biashara, Sri Komala, ilipasuka kwenye miamba ya Sanur, mwenye meli akadai watu wa pwani wameiba mali, Waholanzi wakaifanya kuwa ndio sababu, na Septemba 1906 wakashusha jeshi hapohapo Sanur. Tarehe 20 mwezi ule wakaingia Denpasar. Mfalme wa Badung na watu wake, wanawake na watoto wakiwemo, wakatoka wamevaa nguo nyeupe na vito vyao na majambia yao, wakatembea kuelekea kwenye bunduki. Wabali wanaita puputan, kumalizana, kupigana mpaka hakuna aliebaki. Mamia walikufa. Pollok alizaliwa Denpasar miaka kumi na moja baadae tu, maana yake wazee waliomlea, wote, walikuwa wanaikumbuka siku ile. Kwenye picha za Le Mayeur hakuna hata kivuli cha jambo hili, kuna jua, kuna maua, kuna wanawake wanapumzika, na ukizitazama bila kujua utadhani kisiwa kile hakijawahi kulia.

Halafu kuna hili la vifua wazi, ambalo mtu wa kwetu akiingia pale ndani ndilo linalompokea mlangoni. Mimi nimefunga mtandio wangu, nimesimama mbele ya wanawake themanini waliovaa kikoi tu kiunoni. Kwa Wabali wa wakati ule kwenda sokoni au kufanya kazi bila kufunika kifua halikuwa jambo la kumtazama mtu mara mbili, joto ni joto na desturi ni desturi. Ila kampuni ya meli ya Kiholanzi ilikuwa imeshaanza kuleta watalii, hoteli ya Bali Hotel ilifunguliwa Denpasar 1928, na picha za wanawake hawa zilitumika kukiuza kisiwa Ulaya na Marekani. Nguo ileile, mwili uleule, kijijini hauna habari na kwenye meli ya watalii umekuwa bidhaa. Ndio maana baada ya uhuru serikali ya Indonesia iliwahimiza wanawake wafunike, na wengi wao wenyewe walikuwa wameshachoka kutazamwa. Pollok aliendelea kukaa vile mbele ya turubai kwa miaka mingi, nyumbani kwake, wakati majirani zake nje ya ukuta wameshabadilika.

Sasa nikwambieni kilichonifanya niandike posti hii, maana mpaka hapa ni historia tu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa fundi wa kusokota kamba za makumbi. Miaka ya sabini akiwa bado na nguvu zake alipigwa picha na mgeni mmoja pale ufukweni kijijini kwetu, na picha ile ikaja kuwa postikadi. Tulikuwa nayo moja, mjomba aliikuta dukani mjini akainunua. Bibi kakaa chini, kanga kaifunga kifuani, usumba umezagaa miguuni, anacheka kidogo. Nyuma imeandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya mwanamke wa pwani ya mashariki, basi. Jina hakuna. Sisi watoto tulikuwa tunaona fahari sana, bibi yetu yupo kwenye kadi! Nilipokuwa mkubwa ndio nikamuuliza, bibi, siku ile unaikumbuka? Nilitegemea aniambie kuhusu mgeni, kuhusu kamera, labda alilipwa ngapi. Akanambia, "Mjukuu wangu, nilikuwa sitakiwi nitikisike, mkono umenyanyuka na kamba hewani, jua linapiga, ule usumba ukakauka wote ikabidi niurowanishe upya, kazi ya asubuhi nzima ikapotea."

Hilo ndilo alilolikumbuka. Kwamba ilikuwa kazi, na kwamba ilimpotezea kazi nyengine.

Basi nikiwa mule ndani Sanur, mbele ya picha ile ya mwanamke kanyanyua mikono miwili anapanga nywele, badala ya kuangalia rangi nikajikuta naangalia mabega. Hebu nyanyua mikono yako hivyo sasa hivi unaposoma, kaa nayo dakika tano. Sasa fanya hivyo asubuhi, rudi tena jioni wakati jua linapenya kwenye majani vile mchoraji anavyopenda, kesho tena, na uwe unafanya hivyo kuanzia miaka 15 mpaka 40. Nae alijua kusimama, alishafundishwa akiwa mtoto. Mcheza legong anajifunza mkao wa mwili kwa maumivu, magoti yamepinda, kifua mbele, viwiko juu, na anaushikilia mpaka upatu umruhusu. Zile pozi zote ambazo watu wanamsifia Le Mayeur kwa kuzibuni, mikono inavyokatika, shingo inavyolala, nyingi ni ngoma ya Kelandis. Alikuja nazo Pollok, alifundishwa na walimu wa mtaani kwao ambao hakuna aliewaandika kwenye lebo yoyote.

Na hapa niseme ukweli wangu kuhusu uchoraji wenyewe, kwa sababu sitaki muone nimeenda kule kutafuta makosa tu. Mwanga anaujua yule mzee, mashallah. Ile hali ya jua la saa tisa kupita kwenye majani likadondoka vipandevipande kwenye bega la mtu, mimi nimekua nalo, chini ya mikungu na miembe, na sijawahi kuliona kwenye picha likakaa sawa kama pale. Anapiga brashi haraka, rangi nzito, zambarau kwenye vivuli, waridi kwenye mchanga. Ukisimama mbali unahisi joto usoni. Lakini ukisogea karibu, uso unapotea. Macho yanakuwa madoa mawili, mdomo alama moja nyekundu, na yule mwanamke ambae umeambiwa ndie aliempenda anakuwa mahali pa jua kutua. Nilirudi nyuma na kusogea mbele mara nyingi nikitafuta picha moja ambayo ningeweza kumjua Pollok nikikutana nae njiani. Kwenye picha za mnato, zile nyeusi na nyeupe zilizopo hapohapo nyumbani, namjua mara moja, ana paji la uso pana na anakutazama bila kukwepa. Kwenye rangi namjua kwa mgongo.

Wakati huohuo alikuwepo Mholanzi mmoja, Willem Hofker, yeye alifika Bali 1938 na mke wake Maria ambae pia ni mchoraji. Huyu ni kinyume kabisa. Anachora polepole, kwa chaki na rangi laini, kila kope ipo, kila mshono wa nguo, na chini ya picha anaandika jina la aliekaa. Ni Kenjung. Gusti Kompiang Mawar. Ukiona uso unajua ni wa mtu fulani mwenye kwao. Binafsi picha za Hofker hazinipi lile joto la Le Mayeur, ziko kimya mno kwangu, lakini lile jina chini ya picha lilinikamata koo. Ni maneno mawili matatu tu jamani. Yule mgeni wa kijijini kwetu yangemgharimu nini.

Vita vya pili vikaja. Wajapani nao walishuka Sanur, Februari 1942, pwani ileile kwa mara nyengine, na Hofker akaishia kwenye kambi ya wafungwa. Le Mayeur akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Turubai zikaisha, hakuna meli ya kuleta, basi akachora kwenye magunia. Magunia kweli, yale ya kuwekea mpunga. Zipo pale ukutani, na kwangu mimi hizo ndizo bora kuliko zote. Rangi imenywewa na nyuzi, jua halimeremeti tena, umbo linaonekana kama linatoka ndani ya gunia lenyewe. Na kwa mara ya kwanza mule ndani nikahisi watu wawili ndani ya nyumba moja wanasubiri, si mchoraji na modo. Yeye hawezi kutoka, na mke ndie mwenyeji, ndie mwenye ndugu, ndie anaejua lugha na soko. Nani mnadhani alikuwa anatafuta chakula?

Baada ya vita nyumba ikawa maarufu, wageni wakubwa wakipita Bali wanapelekwa pale, Rais Sukarno mwenyewe alifika, na wanahudumiwa na Pollok. Mwaka 1956 alikuja Bahder Djohan, aliewahi kuwa waziri wa elimu na utamaduni, akapendezwa akatoa wazo kwamba isipotee, iwe makumbusho. Ndio ikaja ile hati ya mwaka 1957 niliyoanza nayo. Mwaka uliofuata mzee akapata saratani ya sikio, wakasafiri wote wawili Brussels, na tarehe 31 Mei 1958 akafariki. Akazikwa Ixelles alikozaliwa. Na Pollok, miaka 41, mjane, hana mtoto, akapanda safari ya kurudi Sanur peke yake, kwenye nyumba ambayo sasa kisheria ni ya serikali.

Akaitunza miaka 27. Mpaka alipokufa, Julai 1985.

Huo ni muda mrefu kuliko ule aliokaa na mume. Na watu wanaandika mstari mmoja tu, aliendelea kuitunza nyumba, halafu wanarudi kwenye bei za mnada, kwamba picha moja ya Le Mayeur sasa inaweza kuuzwa zaidi ya dola milioni moja. Mimi kazi yangu ni nyumba ya wageni kando ya bahari, najua maana ya kuitunza. Upepo wa chumvi hauna rafiki. Unakula bawaba, unakula misumari, unaingia kwenye mbao ukaivimbisha mlango usifunge, ukiacha kitu wiki mbili bila kukifuta kimeota kuvu. Paa la nyasi linataka kuezekwa kila baada ya miaka michache. Na picha za rangi ya mafuta mita chache kutoka kwenye mawimbi, kwenye unyevu ule, ni kama kuweka daftari uani masika. Kwamba zile picha zipo, kwamba mimi nimeziona, ni kwa sababu kuna mtu alikuwa anafungua madirisha asubuhi na kuyafunga hewa ikibadilika, maelfu ya siku, huku nje linajengwa hoteli la ghorofa kumi na dunia nzima inashuka na ndege.

Nikawaza pia jambo jengine, kwamba miaka yote hiyo watalii walikuwa wanaingia, wanalipa kiingilio, wanamuangalia binti wa miaka kumi na nane ukutani, na mwenyewe yupo hapo, bibi wa miaka sitini sasa, anapita na ufunguo mkononi.

Niliporudi Unguja nikaenda kwa mjomba kuitafuta ile postikadi. Imefifia, pembe moja imeliwa na mende. Bibi hatunae tena, Mungu amrehemu. Nimechukua kalamu ya wino nikaandika nyuma, chini ya yale maneno ya Kiingereza, jina lake kamili, la baba yake na la kijiji, na nikaongeza kwamba usumba ulikauka. Mjomba akauliza hilo la mwisho la nini, nikamwambia niachie tu.

Siku ile Sanur nilikuwa wa mwisho kutoka. Mfanyakazi mmoja wa makumbusho alikuwa anazunguka anafunga yale madirisha ya Ramayana moja moja, na kila anapofunga chumba kinaingia kiza kipande kwa kipande, mpaka likabaki dirisha moja la upande wa baharini. Mwanga wake ulikuwa umelala juu ya moja ya yale magunia, begani mwa Pollok. Mfanyakazi akasubiri kidogo, akaniangalia, akanipa ishara kwa kichwa kwamba hana haraka.